Msaada wa bili ya hita Ohio: nani anapata, kipato unahesabuje, na uanzie wapi

Kila mwaka ikiingia Novemba simu yangu haipumziki. "Dada shikamoo, samahani kwa usumbufu, hawa watu wa gesi wameleta barua." Namwuliza umeshaomba HEAP, ule msaada wa bili ya hita? Jibu karibu kila mara ni hilohilo, aah dada mimi si nafanya kazi, ile ni ya wasiofanya kazi. Basi nachoka. Manake huyo anayeniambia hivyo ana watoto wanne, mume yuko weahausi, yeye mwenyewe anafanya nusu siku kwenye nyumba ya wazee, na kwa hesabu za serikali anaingia kabisa, tena kwa nafasi. Kajikataa mwenyewe kabla hata hajakataliwa.

Kwahiyo leo naandika yote mara moja, mkipiga simu nawatumia hii. Mimi niko Columbus, kwahiyo nitaongea ya Ohio, majimbo mengine nitayagusa kidogo huko mbele.

Kwanza ujue hii hela inatoka wapi. Ni mpango wa serikali kuu ya Marekani unaitwa LIHEAP, upo kwa sheria tangu 1981, fedha zinatoka wizara ya afya kule Washington zinagawiwa kwa majimbo, halafu kila jimbo linaupa jina lake na kuweka kiwango chake cha kipato. Hapa Ohio unaitwa HEAP, watu wetu wanasema "hipu", na unasimamiwa na idara ya maendeleo ya jimbo. Sio mkopo. Hurudishi. Na kwa kawaida pesa hushiki mkononi, inaenda moja kwa moja kwenye akaunti yako ya gesi au umeme, wewe unaona tu bili imeshuka. Kama unatumia propeni au mafuta ya tenki inalipwa kwa yule anayekuletea.

Sasa twende kwenye vigezo. Hesabu watu kwanza, pesa baadaye. Watu wengi wanaanza na pesa ndo maana wanapotea.

Kaya kwa lugha ya huu mpango ni watu wanaoishi pamoja na nishati wananunua pamoja, yaani bili moja inawahudumia wote. Sio lazima muwe ndugu. Bibi aliyekuja juzi anahesabiwa, mtoto aliyezaliwa wiki iliyopita anahesabiwa, mdogo wako anayelala sebuleni mwaka wa pili sasa huku akisema anatafuta apatimenti, naye yumo. Ila ujue akihesabiwa yeye na mshahara wake unahesabiwa, huwezi ukamtoa kwenye pesa ukamwingiza kwenye idadi ya watu. Hapo wengi wanataka kucheza na wanakamatwa kirahisi kabisa.

Kiwango cha Ohio ni asilimia 175 ya mstari wa umaskini wa serikali kuu. Kwa miongozo ya 2025 inakuwa hivi kwa mwaka, kabla ya makato: mtu mmoja dola 27,387.50, wawili 37,012.50, watatu 46,637.50, wanne 56,262.50, watano 65,887.50, sita 75,512.50. Mkizidi hapo kiwango kinaendelea kupanda, ofisini watakwambia chenu. Hiyo mistari inabadilishwa kila Januari kwahiyo ukisoma hii mwaka mwingine angalia namba mpya, mara nyingi zinapanda kidogo.

Chukua mfano. Baba anapata dola 21 kwa saa, saa 40. Mama dola 17 kwa saa, saa 25. Kwa wiki baba analeta 840, mama 425, jumla 1,265. Zidisha kwa wiki 52 unapata 65,780. Ukiiona hiyo namba peke yake utasema hawa matajiri bwana. Lakini wana watoto wanne, kaya ni watu sita, kikomo chao ni 75,512.50, wanapita na karibu elfu kumi inabaki. Sasa geuza, vijana wanne wamepanga nyumba moja, bili moja, kila mmoja dola 18 kwa saa, saa 40. Mmoja anapata 37,440 kwa mwaka, wote wanne 149,760, kikomo cha watu wanne ni 56,262.50. Hao hapana, hata wakilia. Ndo maana nasema hesabu watu kwanza, jirani yako kukataliwa hakukuhusu wewe.

Kipato chenyewe wanaangalia cha siku 30 zilizopita kabla hujaomba. Kama kazi zako ni za msimu au umejiajiri, wanaweza kutaka cha miezi 12. Hapa kuna ujanja wa halali: kama Oktoba ulipiga ovataimu za kufa mtu na Novemba saa zimepungua, siku unayoomba ina maana. Siyo kudanganya, ndo kanuni yenyewe. Ila ukishachagua siku leta kila kitu cha siku hizo 30, usiache hata wiki moja.

Kinachohesabiwa ni mshahara kabla haujakatwa kodi, mafao ya kukosa kazi, pensheni, soshali sekyuriti, vitu kama hivyo. Kisichohesabiwa ni kuponi za chakula, na ile refandi ya kodi ya mwezi wa pili haihesabiwi kama kipato. Na naomba niseme hili polepole maana nimeulizwa mara nyingi sana: pesa unayotuma nyumbani HAIPUNGUZWI. Unaweza ukawa unasomesha wadogo zako watatu Bukavu na kumjengea mama Mbeya, kwa hawa watu hiyo yote bado ni kipato chako. Najua inauma, hata mimi iliniuma.

Na kama humo ndani hamna kipato kabisa? Bado unaomba, ila wanataka maelezo unaishije, nani analipa kodi ya nyumba, chakula kinatoka wapi. Andika ukweli, shemeji ananisaidia, kanisa lilitulipia miezi miwili, sawa tu.

Karatasi za uhamiaji sasa. Hapa ndo uoga ulipo na uoga mwingine una sababu. Wanaokubalika ni raia, wenye grini kadi, wakimbizi, waliokwisha kupewa hifadhi, na makundi mengine machache ya kisheria. Ile habari ya kusubiri miaka mitano ukiwa na grini kadi haihusu huu mpango, hiyo ni ya misaada mingine. Na tafadhali usichanganye na kuponi za chakula. Ni kweli sheria ya Julai 2025 iliwaondoa wakimbizi wasio na grini kadi kwenye kuponi, na tangu hapo watu wamepandisha presha wakadhani kila msaada umefutwa. HEAP ni mlango mwingine. Kuponi zikikatwa haina maana na huku umekatwa.

Ambaye kesi yake ya hifadhi bado haijaamuliwa, hiyo peke yake haitoshi kuwa mwombaji. Lakini kama ndani ya nyumba kuna watoto waliozaliwa hapa au mwenza mwenye karatasi, kaya inaweza kuomba kwa hao, asiye na karatasi hahesabiwi kwenye idadi ya watu lakini mshahara wake unaweza kuhesabiwa. Uliza kabla hujasaini. Na wale wanaouliza kama msaada huu utaharibu grini kadi yao, wakimbizi na waliopewa hifadhi wamesamehewa kisheria kwenye kile kipimo cha kuwa mzigo kwa serikali. Kama wewe unakuja kwa njia nyingine, ndoa au kazi, ongea na mwanasheria wa uhamiaji, usimsikilize mtu wa saluni, na mimi pia usinisikilize kwa hilo.

Mpangaji anaruhusiwa, sio lazima uwe na nyumba. Kama bili ni ya jina lako basi rahisi. Kama hita iko ndani ya kodi ya nyumba bado uliza, maana kuna wanaokubaliwa, utahitaji karatasi ya landlodi inayoonyesha hivyo. Wanaoishi nyumba za serikali ambazo kodi yake ni asilimia ya kipato na hita imo humohumo, hao mara nyingi wanakwama kwa sababu baridi ikizidi bili yao haiongezeki.

Vielelezo. Chukua bahasha moja kubwa, ile ya kaki, weka humo: bili ya karibuni ya gesi NA ya umeme, zote mbili hata kama unaombea moja, kurasa zote sio ile ya mbele tu. Risiti za mshahara za siku 30 za kila mtu mwenye miaka 18 na kuendelea. Uthibitisho wa uraia au ukaazi halali wa kila mtu wa nyumbani pamoja na watoto. Majina na tarehe za kuzaliwa za wote. Kama kuna mlemavu, karatasi inayoonyesha.

Kwenye majina ndo tunaangukia pua. Kwenye bili umeandikwa jina la ukoo mbele, kwenye kadi liko nyuma, kwenye risiti ya mshahara wamekula herufi moja, basi mashine inaona watu watatu tofauti. Kuna mzee mmoja kaya yake yote ina tarehe 1 Januari, yeye, mke na watoto watano, maana kambini waliandikwa hivyohivyo, na mfanyakazi akadhani fomu imekosewa kujazwa. Haikuwa kosa lake. Lakini ilibidi aende na kadi zote mkononi ndo akaeleweka. Kwahiyo kabla ya kuomba piga simu kampuni ya gesi urekebishiwe jina lifanane na kitambulisho, dakika kumi tu. Na kama bili bado inakuja kwa jina la mpangaji wa zamani, hilo ndo la kwanza kabisa kulitengeneza.

Kuomba unaweza mtandaoni, energyhelp.ohio.gov, au kwa posta, au kwenye ofisi ya jamii ya kaunti yako, kwa huku Columbus ni IMPACT Community Action. Hujui yako iko wapi? Piga 211, ni bure, sema "Swahili", subiri mkalimani. Ni haki yako, usimchukue mtoto wa darasa la tano kukutafsiria mambo ya madeni ya nyumbani, mtoto anabeba mzigo sio wake. Na fomu ni bure. Nasisitiza, BURE. Mimi mwaka wangu wa kwanza hapa kuna mtu alinichaji dola 60 kunijazia, tena akasahau kuweka bili ya umeme, fomu ikarudi, pesa yangu haikurudi.

HEAP ya kawaida unapata mara moja kwa msimu, kiasi kinategemea kipato, idadi ya watu, unatumia nishati gani, na fedha zilizopo. Usitegemee ilipe baridi yote. Na usiombe leo ukitaka kesho, inachukua wiki kadhaa, mwaka 2025 ilichelewa zaidi maana serikali kuu ilifungwa kuanzia tarehe 1 Oktoba mpaka 12 Novemba, fedha zikakaa kule juu watu huku wanatetemeka.

Kama umeshafika kwenye dharura kuna mlango mwingine, mpango wa dharura wa baridi, unafunguliwa 1 Novemba mpaka 31 Machi. Huo ni kwa mtu aliyekatiwa, au ana notisi ya kukatiwa, au tenki lake limebaki robo au chini ya robo. Kipato ni kilekile asilimia 175. Unatakiwa uchukue apointimenti kwenye ofisi ya kaunti, na hizo apointimenti zinaisha kama mandazi ya asubuhi kwahiyo piga mapema, laini zikifunguliwa tu. Kwa sheria ya LIHEAP ombi la dharura linatakiwa lishughulikiwe ndani ya saa 48, na kama uhai uko hatarini, mathalani una mgonjwa wa oksijeni au kichanga nyumba haina hita, saa 18. Yataje hayo mambo kwenye simu, usiseme tu "tuna baridi".

Halafu kuna kitu ambacho watu wetu karibu hawakijui kabisa, amri ya kurudishiwa huduma wakati wa baridi, inatolewa na tume ya huduma za umma ya Ohio, yaani PUCO. Hii haina kikomo cha kipato. Unadaiwa dola 900? Unalipa 175 na ada ya kuunganishiwa isiyozidi 36, wanakurudishia, hilo deni lingine mnapangiana kulipa kidogokidogo. Mara moja kwa msimu, na inafanya kazi kwa makampuni yaliyo chini ya hiyo tume. Na kama unafuzu HEAP ya dharura, inaweza kulipa hiyo 175 kwa niaba yako.

Wakati unasubiri, naomba sana, usiwashe jiko la mkaa ndani. Mimi nimekulia Mbeya, mwezi wa saba tulikuwa tunaota mkaa jikoni, najua mkono unavyokwenda wenyewe. Lakini nyumba za Mbeya zina nafasi chini ya bati na upepo unaingia, hizi za huku zimezibwa kila upande, ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Oveni ya gesi kuiacha wazi ipashe nyumba, ni hivyohivyo.

Sasa PIPP Plus, hii ndo mimi naipenda kuliko zote na ndo inayotumika kidogo. HEAP ni ya mara moja, hii ni ya mwaka mzima. Unalipa asilimia ya kipato chako badala ya kiasi ulichotumia: asilimia 5 ya kipato cha mwezi kwa gesi na asilimia 5 kwa umeme, au asilimia 10 kama nyumba ni ya umeme mtupu. Kipato cha kaya ni dola 2,400 kwa mwezi? Unalipa 120 gesi, 120 umeme, iwe Januari iwe Julai. Sasa kuna mtu ataniambia dada Julai gesi yangu ni dola 35, mbona nilipe 120. Ndo ukae upige hesabu ya mwaka mzima kabla hujaingia, chukua bili 12, jumlisha, linganisha. Kwa mwenye nyumba kubwa inayovuja baridi inamlipa, kwa mwenye apatimenti ya chumba kimoja inaweza isimlipe.

Utamu wake uko kwenye deni la zamani. Kila mwezi ukilipa kwa wakati na kiasi kamili wanakufutia sehemu moja ya 24 ya deni lako, kwahiyo miezi 24 ya kulipa vizuri deni lote limeisha. Deni la 1,200 maana yake kila mwezi 50 inayeyuka. Lakini ukichelewa, ule mwezi hufutiwi. Na kila mwaka lazima uthibitishe kipato upya, ukisahau wanakutoa, nimeona familia tatu zimetolewa sio kwa sababu ya pesa, ni barua tu ilikuja ikawekwa juu ya friji. Weka alamu kwenye simu. Wenye umeme wa ushirika au wa manispaa hii PIPP haiwahusu, ni ya yale makampuni ya kibiashara yaliyo chini ya PUCO.

Ukishaingia hayo, ulizia na ile ya kukarabati nyumba isivuje baridi, kikomo chake ni asilimia 200 ya ule mstari wa umaskini, kwa watu sita kwa miongozo ya 2025 ni dola 86,300, kwahiyo hata aliyekosa HEAP kwa kuzidi kidogo anaweza kuipata. Wanakuja wanaziba madirisha, wanaweka sufi ya kuzuia baridi darini, wanakagua mashine ya hita. Mpangaji anahitaji ruhusa ya landlodi, na landlodi mwenye akili anakubali maana nyumba ni yake inayotengenezwa.

Walioko majimbo mengine, jina na kiwango vinabadilika tu. Pennsylvania wanatumia asilimia 150. New York na Massachusetts wanatumia asilimia 60 ya kipato cha kati cha jimbo, ambayo kwa familia nyingi ni juu zaidi ya yetu. Maine, ndugu zetu wa Portland na Lewiston, ni HEAP kupitia MaineHousing. Michigan wana punguzo la hita linaloombwa kwa fomu ya kodi ya MI-1040CR-7, mwisho 30 Septemba, usisubiri baridi. Minnesota wana kanuni ya kutokukatiwa kuanzia 1 Oktoba mpaka 30 Aprili, lakini inakulinda ukiwa umepatana nao mpango wa kulipa na unaufuata, sio ukikaa kimya.

Ukikataliwa soma barua mpaka chini. Sababu zinazorudi mara kwa mara ni karatasi kukosekana, sio kipato, na karatasi unaipeleka mambo yanaendelea. Kama unaona wamekosea hesabu una haki ya kusikilizwa, sheria yenyewe ya LIHEAP inasema hivyo, na siku ya mwisho ya kuomba kusikilizwa imeandikwa kwenye hiyo barua. Nenda na bahasha yako. Na ukihama nyumba katikati ya msimu, waambie ofisi na kampuni kabla hujafunga akaunti, ile pesa iko kwenye akaunti ya nyumba ya zamani na usiposema jinsi ya kuihamisha inabaki hukohuko.